Alinganishwe na nani? Kisa cha Moore na haki ya mtoto mwenye disleksia kufundishwa kusoma

Mwaka 1994 bodi ya shule za umma za wilaya ya North Vancouver, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, ilikuwa imebanwa na upungufu wa fedha, na miongoni mwa hatua ilizochukua ni kukifunga kituo kimoja kidogo kilichokuwa kikiwafundisha kwa kina watoto wenye matatizo makubwa ya kujifunza. Miaka kumi na minane baadaye, tarehe 9 Novemba 2012, Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwa kauli moja kwamba kufungwa kwa kituo hicho, kwa namna kulivyofanyika, kulimbagua mtoto aitwaye Jeffrey Moore, ambaye alikuwa na disleksia kali, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno. Kesi hiyo hujulikana kwa jina la Moore dhidi ya British Columbia. Wanasheria wa elimu wanaifahamu vizuri, lakini walimu na wazazi, ambao ndio wanaoihitaji zaidi, huisikia kwa nadra.

Ninaichagua kesi hii, badala ya kisa chochote cha mtoto aliyepuuzwa kwa miaka bila mtu kujua tatizo lake, kwa sababu hapa tatizo lilijulikana. Maandishi mengi kuhusu disleksia huishia kwenye wito wa kutambua: mwalimu amtambue mtoto, mzazi atambue dalili, jamii itambue kwamba huyu si mjinga wala mvivu. Wito huo ni wa haki kabisa. Hata hivyo, Jeffrey alitambuliwa mapema, na wataalamu walioajiriwa na wilaya hiyohiyo, na bado hakupata alichohitaji. Ugumu ulianza pale ambapo kutambua kulikuwa kumekwisha.

Hukumu inaeleza kwamba tangu chekechea ilionekana wazi kuwa mtoto huyu alihitaji uangalizi wa pekee. Alipofika darasa la pili, mwanasaikolojia wa wilaya alipendekeza kwamba, kwa kuwa msaada aliouhitaji haukupatikana katika shule yake, apelekwe kwenye kile kituo cha wilaya. Kituo kikafungwa. Wazazi wake walielezwa kwamba mafunzo ya aina hiyo yangepatikana katika shule binafsi, nao wakampeleka huko kuanzia darasa la nne na kumlipia ada wao wenyewe. Mwaka 1997 baba yake, Frederick Moore, aliwasilisha malalamiko kwa niaba ya mwanawe chini ya sheria ya haki za binadamu ya jimbo, akidai kwamba mtoto alinyimwa, kwa sababu ya ulemavu wake, huduma ambayo kwa kawaida hutolewa kwa umma wote.

Kabla ya kuingia mahakamani ni vema kueleza ni kitu gani hasa kilichokosekana, kwa sababu msomaji anayedhani kwamba disleksia hutibiwa kwa subira na maneno ya kutia moyo hataona uzito wa kufungwa kwa kituo. Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma maneno kwa usahihi na kwa wepesi, pamoja na kuyaandika kwa tahajia sahihi, na kwa sehemu kubwa chanzo chake ni namna ubongo unavyozishughulikia sauti za lugha. Haitokani na macho, haipimi akili, na mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja kwa vizazi kadhaa. Mtoto huyasikia maneno na kuyatamka kama wenzake, na huenda akasimulia hadithi vizuri kuwashinda, lakini hupata taabu kulichambua neno katika sauti zake moja moja na kuzioanisha sauti hizo na herufi. Jambo ambalo watoto wengine hulipata baada ya kuonyeshwa mara chache, yeye hulipata kwa kufundishwa waziwazi, kwa mpangilio, hatua kwa hatua, na kwa marudio mengi kuliko darasa la kawaida linavyoweza kutoa.

Njia inayotumiwa na shule nyingi za aina hii Amerika ya Kaskazini ni ile iliyoasisiwa na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Somo lake halina mbwembwe. Mwalimu hutamka neno la Kiingereza, tuseme ship, na mtoto husogeza kete moja kwa kila sauti anayoisikia. Kete zinakuwa tatu. Kisha huandika neno hilo huku akitamka kila sauti, naye hukuta kwamba herufi ni nne, kwa kuwa s na h kwa pamoja husimamia sauti moja. Mwalimu haendelei mbele. Hubaki kwenye sauti hiyohiyo kwa maneno shop, fish na wish, mpaka mkono uiandike bila kusita, na ndipo mtoto hupewa sentensi fupi iliyotungwa kwa herufi alizokwisha kufundishwa tu, ili asilazimike kubahatisha. Kesho yake somo huanza na kadi za jana. Kazi ya namna hii huhitaji mwalimu aliyefunzwa, kikundi kidogo au mtoto mmoja kwa wakati, na vipindi vingi vinavyofuatana bila kukatika. Vipindi viwili vitatu vya kusaidiwa pembeni mwa darasa havitoshi kwa mtoto mwenye disleksia kali, na ndiyo maana mapendekezo ya mwanasaikolojia yalikuwa ya kituo, si ya kuongezewa muda wa kukaa na kitabu kilekile.

Baraza la Haki za Binadamu la British Columbia, chombo cha jimbo kinachosikiliza malalamiko ya ubaguzi, lilitoa uamuzi wake mwaka 2005. Lilikubaliana na familia karibu katika kila jambo: kwamba mtoto mwenyewe alibaguliwa, na kwamba palikuwa na ubaguzi wa kimfumo, wa wilaya na wa serikali ya jimbo, hasa kutokana na utaratibu wa jimbo wa kuweka kikomo cha fedha kwa aina ya ulemavu ambayo ina watoto wengi na gharama ndogo kwa kila mmoja. Liliamuru familia irudishiwe ada, na likatoa maagizo mapana ya kurekebisha mfumo. Uamuzi huo ulitenguliwa mwaka 2008 na jaji wa jimbo aliyeupitia upya, na Mahakama ya Rufani ya jimbo ikaunga mkono kutenguliwa huko mwaka 2010, ingawa jaji mmoja alitofautiana na wenzake.

Hapa ndipo kisa kinapostahili kusomwa polepole. Majaji walioutengua uamuzi wa Baraza hawakusema kwamba Jeffrey hakuwa na disleksia, wala kwamba alisaidiwa vya kutosha. Walisema kwamba Baraza lilimlinganisha na kundi lisilo lake. Kwa maoni yao, huduma iliyokuwa inabishaniwa ilikuwa elimu maalumu, na kwa hiyo mtoto alipaswa kulinganishwa na watoto wengine wenye mahitaji maalumu: je, alipata kidogo kuliko mtoto asiyesikia, au mtoto mwenye ulemavu mwingine? Kama hakupunjwa kuliko hao, hakuna ubaguzi.

Hoja hiyo ina sura ya uadilifu, na nimeisikia kwa maneno mengine katika shule zetu za Afrika Mashariki mara nyingi, pale mzazi anapoambiwa kwamba mtoto wake hana sababu ya kulalamika kwa kuwa wapo wengine sita darasani wasiojua kusoma. Jaji Rosalie Abella, aliyeandika hukumu ya Mahakama ya Juu, aliikataa kwa kuuliza kwanza huduma yenyewe ni ipi. Huduma, alisema, ni elimu ya umma kwa ujumla, ile ambayo sheria ya shule ya jimbo inaahidi kwa kila mwanafunzi ili aweze kukuza vipaji vyake. Elimu maalumu si huduma nyingine iliyotengwa. Ni njia ya mtoto huyo kuifikia huduma ileile wanayoipata wote. Alilieleza jambo hilo kwa mfano ambao sasa hunukuliwa kila mahali: kwamba kwa wenye matatizo makubwa ya kujifunza, elimu maalumu inayotosheleza si anasa inayoweza kuachwa, bali ni ule mteremko, kama wa kupitishia kiti cha magurudumu mlangoni, unaowawezesha kuingia katika elimu iliyoahidiwa watoto wote wa jimbo.

Matokeo ya kukubali hoja ya mahakama za chini yalionyeshwa bila kupakwa sukari. Kama mtoto mwenye ulemavu atalinganishwa tu na watoto wengine wenye ulemavu, basi wilaya inaweza kuzifuta huduma zote za elimu maalumu kwa siku moja, na hakuna atakayeweza kudai kwamba amebaguliwa, kwa kuwa wote wamenyimwa sawasawa. Jaji alikumbusha pia kesi ya Brown ya mwaka 1954 nchini Marekani, kuhusu shule zilizotenganishwa kwa rangi, iliyotupilia mbali fikra ya kuwatenga watu na kudai kwamba wamepewa vilivyo sawa. Kwa mtazamo wangu, sehemu hii ya hukumu ina thamani kuliko zote kwa mwalimu, hata asiyekanyaga mahakamani maisha yake yote. Inambadilishia swali. Swali si kama huyu mtoto ana hali mbaya kuliko wenzake wanaosuasua. Swali ni kama ameifikia elimu ambayo darasa zima liliitiwa.

Baada ya hapo lilibaki suala la fedha, ambalo kwa kawaida ndilo linalofunga mdomo wa kila mtu. Mahakama haikuidharau hali ya wilaya. Ilikubali kwamba upungufu ulikuwa wa kweli na kwamba sababu ya kufungwa kwa kituo ilikuwa ya kifedha. Lakini chini ya sheria, mlalamikaji akishaonyesha kwamba ana ulemavu, kwamba amepata madhara katika kupewa huduma, na kwamba ulemavu huo umechangia madhara hayo, mzigo unahamia kwa mtoa huduma, ambaye sasa ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakuwa na njia nyingine iliyowezekana bila kuingia katika ugumu uliopita kiasi. Nia mbaya haihitajiki. Hakuna aliyesema kwamba maofisa wa North Vancouver waliwachukia watoto wenye disleksia.

Wilaya ilishindwa kuubeba mzigo huo kwa sababu mbili ambazo zinafanana na mambo tunayoyaona katika vikao vingi vya bajeti. Kwanza, ushahidi ulionyesha kwamba mapunguzo yaliziangukia huduma za watoto wenye mahitaji maalumu kwa kiwango kisicho na uwiano, wakati baadhi ya programu za hiari, zenye gharama inayokaribiana na ya kituo, ziliachwa ziendelee. Iliyotajwa ni shule ya nje, ambako wanafunzi walikwenda kujifunza kuhusu mazingira na jamii. Hakuna aliyedai kwamba programu hiyo ilikuwa mbaya. Hoja ni kwamba haiwezekani kusema hapakuwa na njia nyingine wakati njia nyingine ilikuwa kwenye karatasi ileile ya bajeti. Pili, na hili ndilo lililokuwa zito zaidi, wilaya haikufanya tathmini yoyote ya nini kingewapata watoto wa kituo kikishafungwa, wala haikufikiria kwa dhati badala yake ingekuwa nini. Mahakama ilisema kwamba mtu hawezi kujitetea kwa kusema hakuwa na chaguo kama hakuwahi kuyachunguza machaguo aliyokuwa nayo.

Mwishoni familia ilipewa haki ya kurudishiwa ada ya shule binafsi, nusu ya gharama za usafiri, na fidia ya dola 10,000 kwa kudhalilika kwa mtoto. Wakati huo Jeffrey alikuwa mtu mzima. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita tangu malalamiko yawasilishwe. Maagizo mapana ya kurekebisha mfumo hayakurudishwa. Mahakama iliona kwamba yalikuwa mbali mno na malalamiko ya mtoto mmoja, na dai dhidi ya serikali ya jimbo likatupwa, wilaya ikabaki peke yake na deni.

Ushindi huo husimuliwa kana kwamba ulikuwa kamili, nami sikubaliani na usimulizi huo. Nafuu kubwa iliyotolewa ilikuwa ni kurudishiwa fedha, na anayerudishiwa fedha ni yule aliyeweza kuzitoa kwanza. Mtoto wa jirani mwenye disleksia ileile, ambaye wazazi wake walishindwa kulipa hata muhula mmoja, angekuwa na nini cha kurudishiwa? Angebaki na fidia ya kudhalilika, na utu uzima usio na uwezo wa kusoma fomu ya kuombea kazi. Aidha, kulitoa jimbo katika hatia kuliiacha ile kanuni ya kikomo cha fedha bila kuguswa na hukumu, ingawa bila fedha za jimbo wilaya haiwezi kuajiri walimu. Kazi ya kuangalia mfumo mzima ilifanywa baadaye mahali pengine: Tume ya Haki za Binadamu ya jimbo la Ontario ilianza uchunguzi wa haki ya kusoma mwaka 2019 na kutoa ripoti yake Februari 2022, ikiegemea msingi wa Moore, na ikasema wazi kwamba njia za kufundishia zinazomwacha mtoto abahatishe neno kwa kuangalia picha au maana ya sentensi zinawaumiza zaidi watoto wenye disleksia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hukumu ya Kanada haifungi mahakama zetu. Inaweza tu kuzishawishi. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010 ina vifungu ambavyo mwanasheria wa familia ya Moore angevifurahia. Ibara ya 260 inaueleza ulemavu kwa upana unaoweza kuibeba disleksia, kwa kuwa inahusisha hali yoyote yenye athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu wa kufanya shughuli za kila siku. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja. Na Ibara ya 20(5) inasema kwamba serikali ikidai haina rasilimali za kutekeleza haki za kijamii za Ibara ya 43, ambazo elimu ni mojawapo, ni wajibu wake yenyewe kuonyesha kwamba rasilimali hizo hazipo. Huo ni mzigo uleule ulioishinda wilaya ya North Vancouver, na hapa umeandikwa ndani ya katiba. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na nchi zote mbili zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 24 inahusu elimu.

Tofauti kubwa kati ya North Vancouver na kwetu iko kwenye hatua ya kwanza. Jeffrey alikutana na Kiingereza, lugha ambayo herufi nne za mwisho za maneno though, tough na through husomwa kwa namna tatu, kwa hiyo ugumu wake ulijitokeza mapema na kwa kelele. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Mtoto wetu mwenye disleksia anaweza kufika darasa la tatu akiwa anasoma, lakini anasoma silabi kwa silabi, kidole kikiwa chini ya neno, na akimaliza neno refu kama hawakutusomesha amekwisha kusahau lilivyoanza. Katika imla huacha n ya ng'ombe au m ya mbuzi, hubadilishana b na d, na huunganisha maneno mawili kuwa moja. Mwalimu anayesubiri kusikia makosa ya kusoma hataona tatizo. Anapaswa kuangalia kasi na tahajia. Mtoto huyo huyo akihamia kwenye Kiingereza kama lugha ya kufundishia, katika darasa la nne nchini Kenya au kidato cha kwanza katika shule za serikali za Tanzania, ndipo anapoporomoka, na wakati huo watu husema kwamba zamani alikuwa anaweza, sasa amekuwa mvivu.

Kuna jambo ambalo wazazi wa Jeffrey walikuwa nalo na ambalo halihitaji mahakama wala fedha nyingi: karatasi. Kesi ilisimama kwa sababu palikuwa na pendekezo la mtaalamu, kumbukumbu za shule, na uamuzi wa bodi wenye tarehe. Mzazi anayezungumza na mwalimu mkuu mlangoni, akajibiwa kwa upole na kurudi nyumbani, hana kitu cha kumwonyesha ofisa elimu mwaka unaofuata. Kwa hiyo, baada ya mazungumzo, aandike barua fupi kwa mwalimu mkuu, yenye tarehe, akiambatanisha nakala mbili tatu za daftari la imla na ripoti ya tathmini kama ipo, na aulize mambo haya kwa adabu: mtoto wangu anafundishwa kusoma kwa njia gani, mara ngapi kwa wiki, na nani, na kama msaada uliopendekezwa haupatikani hapa, ni njia gani nyingine ambazo shule imezifikiria, na katika kikao kipi.